Mbachao Hutunzwa kwa Kukaliwa

Katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mito miwili, Allegheny na Monongahela, hukutana penye ncha ya ardhi iliyochongoka kama chembe cha mkuki, ikazaa mto wa tatu uitwao Ohio. Na ng'ambo ya Monongahela, karibu na makutano hayo, umesimama mlima wenye genge kali, ambao ubavuni mwake magari mawili mekundu hupishana tangu asubuhi hadi usiku, moja likipanda na mwenziwe likishuka, yakiwa yamefungamana kwa kamba za chuma. Reli hiyo, iitwayo Duquesne, ilifunguliwa mwezi wa Mei mwaka 1877. Mwendo mfupi kutoka hapo, ukifuata ukingo wa mto, iko reli ya pili ya namna hiyo, Monongahela, iliyotangulia kufunguliwa mwezi wa Mei mwaka 1870. Wataalamu huziita reli hizi funikula. Mimi nitaziita reli za kamba, maana kamba ndiyo roho yake.

Wahenga wetu walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wasia huo husemwa sana, na aghalabu huishia hapo, kana kwamba kutouacha mbachao ni kuuweka tu. Lakini kila aliyelelewa katika nyumba yenye mikeka anajua kwamba mkeka uliokunjwa na kuegemezwa pembeni mwa chumba huharibiwa na mende na ukungu kabla ya ule ukaliwao kila siku, kwa kuwa ule ukaliwao hukung'utwa, huanikwa juani, na ukili wake ukifumuka hushonwa jioni ile ile. Rai yangu katika makala haya ni kwamba kitu kikongwe cha watu wote hudumu kwa njia hiyo ya mkeka: watu wakitumie, waujue undani wake, na wakishone kabla hakijachanika. Sijui mahali ambapo jambo hilo limedhihirika kuliko katika reli hizi mbili za Pittsburgh.

Kwanza na tuwatazame waliozihitaji. Mlima huo, ambao sasa huitwa Mount Washington, zamani uliitwa Mlima wa Makaa, kwa kuwa tumbo lake lilisheheni makaa ya mawe, na makaa hayo ndiyo yaliyowasha tanuri za chuma na za vioo zilizojipanga bondeni kandokando ya mto. Ardhi tambarare ya bondeni ilikuwa haba, na viwanda, maghala na njia za garimoshi viliitwaa karibu yote. Mfanyakazi, ambaye hana budi kulala mahali, akajenga juu ya mlima, palipokuwa na nafasi na moshi uliopungua. Malipo ya nafasi hiyo yalikuwa miguu yake mwenyewe. Alfajiri alishuka kwa vijia na ngazi zilizong'ang'ania genge, na magharibi, baada ya saa nyingi za kusimama mbele ya moto, alizipanda tena, na katika majira ya baridi alizipanda zikiwa zimevikwa barafu. Hata leo mji huo una ngazi za umma zaidi ya 700, na baadhi yake zimeandikwa katika daftari za mji kuwa ni barabara kamili, ijapokuwa hakuna gurudumu lililowahi kupita juu yake.

Wengi wa wakazi hao walikuwa wahamiaji kutoka nchi za Kijerumani, na mhandisi aliyewaondolea taabu hiyo naye alizaliwa Prussia: jina lake John Endres. Katika kazi ya kuisanifu na kuijenga reli ya Monongahela alisaidiwa na binti yake Caroline, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kushika kazi ya uhandisi nchini Marekani, katika zama ambazo watu wengi waliona ajabu mwanamke kushika ramani ya ujenzi badala ya sindano. Caroline aliolewa na mhandisi mwingine, Samuel Diescher, mzaliwa wa Hungaria, ambaye ndiye aliyesanifu Duquesne na kadiri kubwa ya reli za kamba zilizofuata katika sehemu hizo. Hivyo jamii moja ya wageni, baba, binti na mkwe, iliupa mji wa ugenini njia ya kupanda na kushuka ambayo wenyeji wanaitumia mpaka sasa. Na hiyo ni hidaya ambayo wenye kudharau wahamiaji wangefaa kuikumbuka.

Kanuni ya chombo hiki ni nyepesi kuieleza, walakini kuitenda kwataka ustadi. Magari mawili hukaa juu ya njia mbili zilizo sambamba. Kamba ya chuma hutoka kwa moja, ikapanda hadi kwenye mtambo ulio kileleni, na nyingine hushuka kwa jingine, hata moja lisiweze kwenda pasipo mwenziwe kurudi. Uzito wa gari lishukalo hulipunguzia mzigo gari lipandalo, na mtambo hubaki na kazi ya kushinda msuguano pamoja na tofauti ya uzito iliyopo kati ya hayo mawili. Mtu ashukaye kwenda kazini humvuta, pasipo kujua, jirani yake apandaye na kapu la sokoni. Mbali na kamba ya kuvutia, iko kamba ya pili ya usalama, ili ya kwanza ikikatika gari lisiachwe kwa rehema ya mteremko. Na mteremko wenyewe si wa mchezo: Monongahela hupanda kwa mwinamo wa digrii 35, katika njia ya urefu wa futi 635, Duquesne hupanda kwa mwinamo wa digrii 30 na zaidi kidogo, katika njia inayokaribia futi 800, hadi kimo cha futi 400, yaani kadiri ya mita 120 juu ya kituo cha chini.

Kufaulu kwa reli hizo mbili kulizaa nyingine, hata mji ukawa na reli za kamba kadiri ya 17. Kando ya reli ya Monongahela ilijengwa mwaka 1884 reli ya mizigo, iliyochukua farasi pamoja na mikokoteni yao, ikatumika hadi mwaka 1935. Kisha ukaja msala upitao. Mwaka 1924 lilifunguliwa handaki la Liberty lililopenya tumbo la mlima. Barabara zikachongwa ubavuni. Motokaa na mabasi yakaongezeka. Abiria wakapungua mwaka baada ya mwaka, na reli zikafungwa mojamoja kama maduka ya mtaa uliohamwa. Penn ilifungwa mwaka 1953, Knoxville mwaka 1960, na Castle Shannon mwaka 1964. Sisemi kwamba kila moja ilistahili kubaki. Chombo kisicho na wa kukipanda kimekwisha kazi yake, na insafu yadai tukiri hivyo. Nisemalo ni kwamba nyingi zilifungwa kwa kutazamwa daftari la mapato peke yake, na daftari hilo halina safu ya kuandika magoti ya mwanamke mzee anayekaa juu ya genge.

Novemba mwaka 1962 ikafika zamu ya Duquesne. Mtambo ulihitaji matengenezo makubwa, na kampuni iliyoimiliki ikaona heri kuufunga mlango. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwangu mimi ndilo tunu ya habari hii yote. Watu wa juu ya mlima hawakuketi wakaomboleza, wala hawakungoja mtu mkubwa awaonee huruma. Walipita nyumba hadi nyumba wakichanga, walioka keki wakaziuza, waliuza hisa za ukumbusho ambazo faida yake kwa mnunuzi ilikuwa ni gari kuendelea kwenda. Haba na haba ikajaza kibaba, na kwa muda wa miezi sita wakapata dola 15,000. Tarehe 1 Julai 1963 magari yakaanza kupishana tena. Tangu wakati huo, ingawa reli ni mali ya mamlaka ya usafiri wa umma, uendeshaji na utunzaji wake umekuwa mikononi mwa jumuiya iliyoundwa na wakazi hao. Angalia mpango huo kwa makini: umma unamiliki, na wanaopanda wanatunza. Haikuwa sadaka ya tajiri, ambayo huisha tajiri anapochoka. Wala haikuwa amri ya serikali, ambayo hubadilika serikali inapobadilika. Ilikuwa kazi ya watu walioujua uchungu wa ngazi.

Na walipoichukua, waliitunzaje? Magari yenyewe ni yale yale ya mwaka 1877. Kuta zake zilikuwa zimepakwa rangi juu ya rangi kwa miaka mingi, hata asili yake ikasahauliwa. Rangi hizo zilipokwanguliwa, chini yake palidhihirika mbao za mcheri zilizonakshiwa kwa mkono, na mapambo ya mti wa mepo wenye madoa madogo mfano wa macho ya ndege. Katika chumba cha mtambo, kileleni, lingali likizunguka gurudumu kubwa la zamani ambalo meno yake ni ya mti mgumu, yaliyopachikwa moja moja katika duara la chuma. Mtu wa leo atashangaa kuona mti umekabidhiwa kazi ya kuvuta watu juu ya genge, lakini mafundi wa zamani walijua walitendalo: jino la mti likikutana na jino la chuma hupunguza kelele na mshtuko, na likichakaa hung'olewa peke yake likatiwa jingine, gurudumu zima lisitupwe. Nguvu ya mvuke ilipokwisha zama zake, katika miaka ya 1930, mota ya umeme ilichukua mahali pa injini, na gurudumu la meno ya mti likaendelea na kazi. Hivyo ndivyo kitu kikongwe kinavyotunzwa na wenye akili: kilichochoka hubadilishwa pasipo haya, na kilicho kizima bado huachwa kifanye kazi.

Lakini sifa kubwa ya chumba hicho ni kwamba kimefunguliwa kwa watu. Kwa sarafu chache tu, mgeni au mkazi, mzee au mtoto wa shule, hushuka akasimama mbele ya mtambo, akaona kamba nene zilizopakwa mafuta zikijizungusha juu ya magurudumu, akasikia meno ya mti yakikabidhiana kazi na meno ya chuma, na akirudi juu akaingia garini anajua ni nini kinachomshika. Sidai kwamba mtoto huyo atagundua ufa ambao fundi hakuuona. Nadai kwamba mahali panapoingia macho ya watu kila siku huwa vigumu kwa vumbi, kutu na uzembe kufanya maskani, na kwamba fundi atendaye kazi mbele ya wale wanaomwamini hushika bisibisi yake kwa namna nyingine.

Najua kwamba yapo mambo ya kunipinga, na zito kuliko yote limeandikwa kwa damu. Mji wa Lisbon nchini Ureno, ulio juu ya vilima kando ya mto Tejo, nao una reli kongwe za kamba, na iliyo mashuhuri kupita zote ni Glória, iliyofunguliwa mwaka 1885. Jioni ya tarehe 3 Septemba 2025 kamba iliyoyaunganisha magari yake mawili iliachia. Gari la juu likateremka kwa kasi, likatoka njiani penye kona, likagonga jengo, na watu 16 wakafa. Mwenye moyo hawezi kuitaja habari hiyo harakaharaka ili aendelee na hoja yake. Walikuwamo watalii, na walikuwamo watu waliokuwa wakirejea nyumbani kutoka kazini, yaani watu wale wale ambao reli za namna hiyo zilijengwa kwa ajili yao.

Basi, je, funzo la msiba huo ni kwamba vitu vya kale vifungwe? Hasha. Wachunguzi wa Ureno walieleza kwamba kamba iliyoachia ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu kufungwa. Kwamba ilikuwa ya aina isiyoidhinishwa kwa vyombo vinavyochukua abiria. Kwamba iliachia mahali pa kuungia, pasipoweza kuonekana bila ya kufunguliwa. Kwamba asubuhi ya siku ile ile ukaguzi wa macho ulifanywa na haukuona kasoro. Na kwamba breki zilizofungwa hazikuwa na uwezo wa kulizuia gari lililokosa mwenziwe wa kulisawazisha. Katika maneno hayo yote, umri wa miaka 140 haukuwa muuaji. Kilichokosekana ni uangalifu ulio sawa na imani ya watu. Na wala haikuwa kwamba Lisbon haikuipenda Glória: mwaka 2002 iliandikwa kuwa mnara wa taifa, na picha yake ilizunguka dunia nzima. Hapo ndipo penye mauti ya vitu vya kale: husifiwa kwa kile kionekanacho juu, rangi ya manjano na taa nzuri, ilhali uhai wake umo katika fundo lililo chini ya sakafu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usiouona hutauziba, na ukuta wenyewe wakati mwingine huwaangukia watu kabla hujapata fursa ya kuujenga.

Wapo pia watakaosema kwamba reli hizi sasa ni tamasha la watalii, na kwamba basi moja lingeweza kazi yake. Kwanza, genge halikuondoka. Basi sharti lizunguke, na gari la kamba hupanda moja kwa moja katika dakika chache, likisaidiwa na uzito wa wale wanaoshuka. Pili, mji wenye milima na mito hauwezi kujua ni siku gani utahitaji njia isiyopita bondeni. Katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania upo mji wa Johnstown, ambao tarehe 31 Mei 1889 ulifunikwa na gharika baada ya bwawa kupasuka juu yake, wakafa watu 2,209. Baada ya gharika hiyo ilijengwa reli ya kamba, iliyosanifiwa na Diescher yule yule na kufunguliwa mwaka 1891, ili watu wapate kukaa mlimani na kufanya kazi bondeni. Na gharika nyingine ilipokuja mwezi wa Machi 1936, reli hiyo iliwatoa bondeni watu karibu 4,000. Lau mtu angalipiga hesabu ya mapato yake mwaka 1935, huenda angaliona ni chombo cha hasara.

Pengine msomaji ataona kuwa haya ni mambo ya mbali. Namkumbusha kwamba nchi yetu ya Afrika Mashariki nayo iliwahi kuwa na reli za kamba. Garimoshi la Uganda lilipokwisha kupita Nairobi mwaka 1899, chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, lilisimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, na njia ya kudumu ya kuteremka ukuta ule ilihitaji muda mrefu na madaraja mengi. Ili kazi ya mbele isilale, mafundi waliweka kwa muda reli za kamba ubavuni mwa genge la Kikuyu, na mabehewa yaliyoshuka na mataruma na vyuma yaliyapandisha yale yaliyorudi matupu. Njia ya kudumu ilipokamilika reli hizo ziliondolewa, na sioni kosa, kwa kuwa zilikuwa jukwaa la waashi, na jukwaa huondolewa nyumba ikisimama. Lakini njia iliyozirithi si jukwaa. Ni nyumba yenyewe, na tangu mwaka 2017, reli mpya ilipofunguliwa baina ya Mombasa na Nairobi, wengi huitaja njia hiyo ya zamani kama marehemu. Kabla hatujamzika, tupime kwa kipimo cha Pittsburgh: je, wapo wanaoihitaji, na je, kuna aliyewauliza?

Ushauri wangu, basi, ni wa mambo matatu, nao unakihusu kila chombo kikongwe cha umma, kiwe kivuko, daraja au reli. Kisifungwe kwa daftari la mapato peke yake, mpaka wanaokitumia wamesikilizwa mbele ya wenye kuamua. Wanaokitumia wapewe sehemu katika uangalizi wake, si kwa heshima ya maneno, bali kwa viti katika baraza na haki ya kusoma taarifa za ukaguzi. Na chumba chake cha mtambo kifunguliwe, na palipo na fundo lisiloonekana pafunguliwe kwa ratiba isiyovunjwa, hata kama gari litasimama siku nzima na watu walalamike, kwani malalamiko ya siku moja yana dawa.

Mbachao wa Pittsburgh umekaliwa kwa karne na nusu. Unatumika kwa sababu mwaka 1963 watu waliutoa nje, wakaukung'uta, wakaushona, kisha wakaurudisha sakafuni wakaketi juu yake. Na kila usiku, gari la mwisho linapofika kileleni na mlango wake kufunguliwa, yupo mtu anayeshuka humo akaenda nyumbani kwake kwa miguu isiyochoka.